Kidonge cha Alfajiri

Saa kumi alfajiri, Jumapili ya Kilimanjaro Marathon, nyumba za wageni za Moshi huwa zimekwisha kuamka. Taa zinawaka kila chumba, mabomba yanalia, mtu anatafuta pini za kubandikia namba kifuani, mwingine anajipaka mafuta ya mgando mapajani asichubuke. Chumbani kwetu tulikuwa wanne, wote wa klabu moja ya jogging kutoka Dar es Salaam, na juu ya stuli palikuwa na chupa ya maji, ndizi mbivu na karatasi moja ya vidonge vya maumivu, diklopa. Ile karatasi ilizunguka kama bakuli la karanga. Kila aliyetoa viwili vyake alimpasia mwenzake, na ilipofika kwangu nami nikatoa.

Aliyeinunua ni Mwalimu, mkubwa wetu kwa umri, mwenye miaka hamsini na mmoja. Ndiye pia aliyetupa maelekezo. "Viwili sasa," alisema, "na viwili vingine kule kwenye mlima wa Mweka, goti likianza kelele."

Mimi nilikimbia kilomita 21 na nikamaliza salama. Yeye alikimbia 42. Alimeza viwili vya alfajiri, akameza viwili vya Mweka, akavuka mstari baada ya saa tano na robo akiwa anacheka, medali shingoni, akipigwa picha. Usiku ule hakuweza kula. Kesho yake tukiwa ndani ya basi alitapika mara tatu, na tuliposimama Korogwe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu jana mchana amepata haja ndogo mara moja tu, kidogo, na rangi yake ni ya kahawa. Nilimwambia anywe maji. Ndiyo ushauri niliokuwa nao. Jumanne alilazwa. Figo zilikuwa zimegoma, na alikaa wodini siku kumi na moja kabla hazijaanza tena kazi.

Siandiki haya ili kuzisema vibaya dawa za maumivu. Zipo nyumbani kwangu hata sasa, na mwenye jino linalomwasha usiku asije kwangu kutafuta mtu wa kumwambia avumilie. Ninachotaka kusema ni jambo moja, na nimelipata kwa kumuuliza daktari wa Mwalimu maswali mengi kuliko subira yake: kidonge ambacho Jumatatu kitandani hakina neno, huwa ni kitu kingine kabisa kilomita ya thelathini, juani, mwili ukiwa umekauka. Dawa ni ileile. Mwili ilioingia ndio si uleule.

Diklofenaki iliyomo ndani ya diklopa, ibuprofeni ambayo wengi tunaiita Brufen, naproksini na aspirini ni ndugu wa ukoo mmoja. Zilitumika miaka mingi bila mtu kujua zinavyofanya kazi, mpaka Mwingereza John Vane alipoonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini inauzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na wanasayansi wawili wa Sweden. Prostaglandini ndizo zinazochochea uvimbe, joto na uchungu mahali palipoumia, kwa hiyo ukizikata uchungu unapungua. Lakini si watumishi wa maumivu peke yake. Tumboni zinalinda ute unaoukinga ukuta wa tumbo na asidi yake mwenyewe. Na kwenye figo zina kazi ambayo mkimbiaji anapaswa kuijua kama anavyojua njia ya kwenda kazini.

Anayepajua Moshi ameiona mifereji ya Wachaga, ile inayoteremsha maji ya mlima kupitia migombani, kila shamba likifunguliwa kwa zamu. Fikiria damu ni maji yale. Mtu akiwa amekaa, figo hupata mgao mnono, takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayotoka moyoni. Akianza kukimbia, zamu inabadilika. Misuli ya miguu inataka maji, na ngozi nayo inayataka ili itoe jasho na kupoza mwili. Utumbo na figo vinafungiwa, na kadiri mbio zinavyokuwa kali na ndefu, na jasho linavyopunguza maji ya mfereji wenyewe, ndivyo figo zinavyobaki kama shamba la mwisho kabisa kiangazi. Kinachozifanya zisikauke ni prostaglandini. Hizo ndizo zinazoshikilia mlango wa kuingilia damu ubaki wazi hata kwa kiasi kidogo, mpaka mbio ziishe na zamu irudi.

Mtu akikaa sebuleni, mlango ule hauhitaji kushikiliwa na mtu. Ndiyo maana diklopa ya Jumatatu haimdhuru. Akiwa Mweka saa nne asubuhi, mlango unategemea mlinzi mmoja, na kidonge alichomeza kinamwondoa mlinzi huyohuyo.

Mwalimu alikuwa na la ziada. Miaka mitatu nyuma aligundulika ana presha, na kila asubuhi alimeza dawa mbili: moja ya lile kundi ambalo majina yake yanaishia na "pril", na moja ya kupunguza maji mwilini. Ya kwanza hulegeza mlango wa kutokea wa kichujio cha figo, ya pili hupunguza maji ya mfereji. Diklofenaki ikaja kuubana mlango wa kuingilia. Madaktari wanauogopa mkusanyiko huo wa dawa tatu hata kwa mzee aliyekaa barazani, seuze kwa mtu aliyekimbia kilomita 42. Ukihesabu na vipimo, vidonge vyake vinne, kila kimoja na miligramu 50 za diklofenaki, vilifikia 200 ndani ya saa sita. Kikomo cha mtu mzima kwa siku nzima ni 150. Hakuna aliyemwambia. Alipotoka hospitali nilikwenda duka la dawa la mtaani kwetu, nikamwomba binti wa kaunta diklopa. Swali lake lilikuwa moja: "Za shilingi ngapi?"

Nimetafuta kujua kama yaliyompata ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoongozwa na Grant Lipman, daktari wa Marekani, katika mbio za siku kadhaa jangwani na milimani huko China, Chile, Ecuador na Sri Lanka. Siku ya hatua ya kilomita 80, wakimbiaji 89 waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa nne, wengine kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Waliomaliza walipimwa damu. Kati ya waliokuwa na kidonge kitupu, asilimia 34 walikuwa na dalili za figo kuumia. Kati ya waliopata ibuprofeni, asilimia 52. Washiriki hawakuwa wengi, kwa hiyo tofauti hiyo si ya kuapia, na wengi wa aina hii hupona wenyewe kwa siku chache bila hata kujua. Lakini itazame ile namba ya kwanza. Hata bila dawa yoyote, mmoja kati ya watatu alikuwa ameshaziumiza figo zake kwa kukimbia tu. Hapo ndipo tunapoongeza diklo, mahali ambapo tayari mambo yamekaa ukingoni.

Kwa diklofenaki, ndege ndio waliolipa gharama kubwa kuliko wote. Miaka ya tisini tumbusi wa India na Pakistan walianza kufa kwa mamilioni, na kwa muda mrefu haikujulikana kwa nini. Mwaka 2004 watafiti walitoa jibu: ng'ombe walikuwa wakitibiwa kwa diklofenaki, na tumbusi waliokula mizoga yao walikufa figo zikiwa zimeharibika. India iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mtu si tumbusi, figo zake zinastahimili mara nyingi zaidi. Hata hivyo, tangu nisome habari ile siwezi tena kuitazama karatasi ya diklofenaki kama pipi.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba faida yenyewe kwa mkimbiaji haionekani. David Nieman wa Chuo Kikuu cha Appalachian State alifuatilia wakimbiaji wa Western States, mbio za kilomita 160 katika milima ya California. Waliomeza ibuprofeni, hadi miligramu 1,200 siku ya mbio, hawakumaliza mapema kuliko wenzao. Misuli yao haikuwa imesalimika zaidi, na siku zilizofuata hawakuwa na nafuu ya maumivu. Walichowazidi wenzao ni dalili za uvimbe katika damu na sumu za bakteria zilizovuja kutoka utumboni. Leo mwongozo wa mbio hizo unawaonya washiriki waziwazi kuhusu dawa za kundi hili na figo.

Kuvuja huko kwa utumbo kuna maelezo. Kumbuka ule mfereji: utumbo nao umefungiwa. Seli za ukuta wake zinakosa damu na zinaanza kulegea. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwapandisha wanaume tisa wenye mazoezi kwenye baiskeli, wakawalinganisha siku walizomeza ibuprofeni na siku ambazo hawakumeza, na wakaona kidonge kinaongeza madhara kwenye utumbo mdogo. Mkimbiaji hayaiti madhara ya utumbo. Anasema "tumbo lilinivuruga", analaumu maharage ya jana, na mbio zinazofuata anameza tena.

Mwaka 2010 wakimbiaji wa mbio za Bonn, Ujerumani, waliulizwa kama walimeza dawa kabla ya kuanza, na baadaye wakaulizwa yaliyowapata. Walijibu karibu 4,000, na karibu nusu yao walikuwa wamemeza. Tisa walilazwa hospitali. Watatu figo zilisimama kwa muda, baada ya ibuprofeni. Wanne walitokwa damu tumboni na wawili walipata shambulio la moyo, wote sita baada ya aspirini. Katika kundi la wasiomeza, hakulazwa hata mmoja. Dodoso si jaribio, na pengine waliomeza ndio waliokuja tayari wakiwa na matatizo. Lakini ningekuwa mratibu wa mbio yoyote Afrika Mashariki, ningezibandika namba hizo pale watu wanapochukulia fulana.

Kuna hatari nyingine inayompata hasa mkimbiaji mwangalifu, yule aliyeambiwa anywe maji akayanywa kila kituo. Maji yakizidi jasho, chumvi ya damu inachujuka, ubongo unavimba, mtu anachanganyikiwa na hata kufa. Katika Boston Marathon ya 2002 walipimwa wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 chumvi yao ilikuwa chini ya kawaida. Figo yenye afya ingeyatoa maji yale ya ziada. Dawa za kundi hili huipa nguvu homoni inayoiambia figo iyashike, na utafiti wa mashindano ya Ironman ya New Zealand, ambako takriban asilimia 30 ya washiriki walikuwa wamezimeza, uliwakuta hao wakiwa katika hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa chumvi. Nikikumbuka nilivyomsihi Mwalimu anywe maji ndani ya basi, mwili unanisisimka. Mtu asiyepata haja ndogo halazimishwi chupa ya pili ya maji. Anapelekwa hospitali.

Klabu zetu hazina vijana watupu. Jumapili asubuhi, barabara ya Kilwa au ufukweni Zanzibar, utawaona akina mama wa miaka sitini, madereva, mafundi, makarani waliotumwa na daktari wapunguze uzito. Wengi wana presha au kisukari. Wapo wanaotumia ARV, na kidonge cha kila siku wanachopewa wengi katika nchi zetu kina tenofovia ndani yake, dawa njema iliyookoa watu wengi, lakini ambayo yenyewe inataka figo ziangaliwe. Kumekuwa na visa vya figo kuumia pale tenofovia ilipokutana na diklofenaki. Mtu hawezi kuyatangaza hayo chumbani mbele ya wenzake alfajiri, karatasi inapomfikia. Atatoa viwili kama wote. Kwa sababu hiyo pekee ule ukarimu wa kugawana vidonge ungefaa ufe. Na aliyeamka na homa siku ya mbio, iwe malaria au mafua, arudi kulala. Kidonge kitaishusha homa, ugonjwa utabaki.

Watu huniuliza kama Panadol ni salama. Parasetamoli si ya ukoo ule, haiubani mlango wa figo kwa namna ileile, na kwa mkimbiaji mwenye afya ni afadhali mbali. Kikomo chake ni gramu nne kwa siku, vidonge vinane vya kawaida, na ukikivuka anayeumia ni ini, kimyakimya, kwa siku mbili tatu kabla ya macho kuwa ya njano. Mtego wake ni kwamba imejificha kila mahali: ndani ya dawa za mafua, ndani ya zile za kichwa zenye kafeini, na ndani ya diklopa yenyewe. Mwenzetu mmoja alijivunia kwamba yeye hagusi diklofenaki. Miaka miwili alikuwa anameza diklopa.

Kwa wanaoshindania fedha kuna pia suala la sheria. Tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo mitaani inazagaa kuliko inavyopaswa, ilipigwa marufuku kwanza na chama cha kimataifa cha baiskeli mwaka 2019. Nairo Quintana wa Colombia alinyang'anywa nafasi yake ya sita ya Tour de France 2022 kwa ajili yake. Tangu Januari 1, 2024 marufuku hiyo ni ya michezo yote siku za mashindano. Sindano za kupoza goti nazo, zile za jamii ya kotisoni, zimefungwa siku za mashindano tangu 2022 kwa njia yoyote ya sindano, na katika miaka hiyo wanariadha kadhaa wa Kenya walifungiwa kwa kukutwa na triamsinoloni. Baadhi walikuwa wanadanganya. Siamini walikuwa wote. Kijana wa Iten anayetegemewa na ukoo mzima, goti linamuuma wiki mbili kabla ya mbio za kwanza za Ulaya, hataki somo la kemia. Anataka goti linyamaze, na mtu mwenye sindano hakosekani.

Sisi Watanzania tumelelewa na goti la John Stephen Akhwari. Mexico, Oktoba 1968, alianguka njiani, goti likateguka, akafungwa bendeji na akaingia uwanjani wa mwisho kati ya waliomaliza 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, gizani. Hadithi hiyo inanitoa machozi hata leo. Lakini naona tumechukua nusu yake. Tumechukua kumaliza, tukaacha kuchechemea. Akhwari alichechemea, alitembea, aliuburuta mguu. Kuchechemea ndiko kunakolinusuru goti, mwili unauondolea uzito upande ulioumia. Aliyemeza diklo hachechemei. Anakanyaga kwa nguvu zote juu ya kitu kilichokatika, na mfupa uliokuwa na ufa wa nywele kilomita ya kumi unaweza kuwa mfupa uliovunjika kilomita ya thelathini.

Daktari wa Mwalimu alituandikia mambo machache, na tumeyabandika kwenye ukuta wa kibanda tunapokutania. Dawa za kundi la diklofenaki zisimezwe kuanzia siku mbili kabla ya mbio. Naproksini ina ukaidi wa kukaa mwilini, hata siku tatu si nyingi. Wakati wa mbio hakuna kidonge cha maumivu, cha aina yoyote. Baada ya mbio kunywa kwa kiu, kula, subiri haja ndogo irudi na rangi yake iwe nyepesi, na kama siku ya pili bado unaumwa ndipo uifikirie dawa. Mkojo wa rangi ya kahawa, kutapika, kuvimba uso, kutopata haja kwa nusu siku: hospitali, na umwambie daktari ulimeza nini na vingapi. Maumivu yanayokuwa palepale kila wiki hayahitaji kidonge, yanahitaji mtu wa kulitazama goti. La Mwalimu lilitazamwa hatimaye. Tatizo lilikuwa misuli dhaifu ya nyonga na viatu vilivyokwisha soli. Alipewa mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi, miezi minne, bila dawa.

Februari iliyopita daktari alimruhusu kilomita 21. Tulilala nyumba ileile ya wageni. Alfajiri juu ya stuli palikuwa na maji na ndizi, na kijana mgeni wa klabu alipotoa karatasi mfukoni Mwalimu alinyoosha mkono, akaipokea, akaisoma mbele na nyuma kwa miwani yake, akaiweka kwenye begi lake mwenyewe. "Nitakurudishia Jumanne, mwanangu," alimwambia.

Alitumia saa tatu kasoro. Kipande kirefu cha kupanda Mweka alikitembea. Nilimngoja uwanjani, na alipovuka hakusimama kupigwa picha, alinipita moja kwa moja kuelekea vyooni. Nilisimama nje na medali yake mkononi. Alipotoka alikuwa amelowa jasho, mguu wa kulia unaburuzika kidogo, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa rangi.

"Kama majani ya chai yaliyokamuliwa mara ya pili," alisema, akaichukua medali.